Jembe la Mgeni

Siku ya kwanza aliandika: Hodi.
Na papo hapo, kabla sijaitikia:
Pishi ni vibaba vinne. Nyinyi mmeandika vitano.
Nirekebishe wapi?

Saa nne za usiku, Chake, umeme umerudi punde,
barua zimenipangia foleni kama ya mafuta ya taa.
Nikamjibu kwa maneno mawili na nukta:
Soma mwongozo.

Mwongozo wenyewe niliuandika mimi.
Kurasa thelathini na moja, Kiingereza cha mtu mwenye haraka,
unaanzia katikati, kama anayekuelekeza njia
kwa kutaja duka lililokwisha kuvunjwa.
Mbarouk aliyeko Maskati aliusifu.
Hidaya wa Tanga aliusifu.
Sisi watatu tulikuwa tunayajua yote tayari.

Programu ni ya wote, tuliandika juu kabisa,
kwa herufi nene: bure, wazi, ichukue, itengeneze.
Tukatia na methali, mgeni njoo mwenyeji apone,
tukaona tumemaliza ukarimu.

Msimu ukaingia. Karafuu zikachumwa Mtambwe, Kiuyu, Kangagani,
zikapimwa, zikaingizwa kwenye simu,
na kila vibaba ishirini programu yetu ikaviita pishi nne.
Mtu akashuka mkarafuuni na pishi tano,
akalipwa nne,
akaambiwa kompyuta haikosei.

Mfunguo Nane nilikwenda Kiungoni, kwenye khitma.
"Wewe ndiye Soma Mwongozo?"
akaniuliza Tumu Shehe, mikono haikuacha ukili.
Nikasema ndiye.
"Nilijaribu siku tatu. Simu ya mama, kioo kimepasuka
pale pale penye kitufe cha kutuma.
Ukurasa wa pili ulinitaka niwe na kompyuta.
Wa nne ulinitaka niwe nshajua.
Nikasema basi, hawa wana shughuli zao."
Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

Kando yake mdogo wake, Raya, miaka sita,
naye ana ukili wake.
Tumu ndiye aliyeuanza, maana mwanzo ndio unaoshinda vidole;
alisuka shubiri moja, akampa: haya, endelea.
Miyaa imelegea, imepinda,
kuna mahali pana tundu la kupita kidole.
Nikamuuliza: Utaufumua?
"Nifumue nini? Utashonwa mkekani.
Pembeni, lakini utashonwa."

Siku ya tatu mpe jembe, walisema.
Hawakusema mpe chuma, mpini akautafute,
shamba akalibahatishe.
Na wetu huyu hata siku ya tatu hakuingoja,
jembe aliliomba mlangoni.

Nimeukata mwongozo. Umebaki nusu ukurasa, Kiswahili.
Unaanza: Una simu tu? Inatosha. Shika hapa.
Na yako makosa madogo manne ninayoyaona kila siku
nami siyagusi; nimeyatia alama
na kuandika ubavuni: haya ni ya mgeni.
Mbarouk akawaka: "Dakika mbili ungeyamaliza mwenyewe!"
Kweli, dakika mbili.
Ndivyo tulivyobaki watatu.

Pishi sasa ni vibaba vinne. Mstari ule kauandika yeye,
jina lake liko pale pale, na kijiji chake.
Fedha za msimu uliopita hazirudi kwa mstari.
Hilo nalijua, na Mtambwe wanalijua zaidi.

Leo usiku kuna hodi nyingine, ya Makunduchi.
Imeandikwa ovyo, haina swali la kueleweka,
na imeambatana na picha ya paka, nadhani kwa bahati mbaya.
Nimechoka. Vidole vyangu vimeshaandika S, o, m.

Nafuta.
Naandika: Karibu. Umekwama wapi?